Ushuru hununua muda, haununui mteja

Kiwanda kinapobanwa na bidhaa za nje, wenyewe hukimbilia serikalini kuomba ushuru wa forodha upandishwe. Hoja huwa ni ile ile: tupeni muda tujipange. Kinachosahaulika ni kuuliza muda huo ukishatolewa utatumika kufanya nini. Soko la pikipiki nzito nchini Marekani limekuwa likilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 40, na majibu yake yanamhusu kila mwenye hisa, awe na nyingi au chache.

Pikipiki zinazozungumzwa hapa si zile za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria Dar es Salaam na Nairobi. Ni mashine za cc 700 kwenda juu, nyingine zikipita 1,800, zinazonunuliwa kwa starehe na kwa safari ndefu za barabara kuu. Mnunuzi wake haihitaji ili apate mkate wa kila siku. Hununua pale anapokuwa na fedha za ziada. Ndiyo maana soko hili huwa la kwanza kuugua uchumi unapodorora.

Harley-Davidson ya Milwaukee, iliyoanza mwaka 1903, ilibaki karibu peke yake katika soko hilo nchini mwake baada ya mshindani wake wa siku nyingi, Indian, kusimamisha uzalishaji mwaka 1953. Mwaka 1969 ilinunuliwa na kampuni ya AMF. Uzalishaji uliongezwa haraka, lakini ubora ukaporomoka. Injini zilivuja oili, na pikipiki nyingi zilifika mwisho wa mstari wa kuunganishia zikiwa zimepungukiwa vipuri. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wakati huo huo Honda ilileta Gold Wing mwaka 1975, mashine iliyotulia barabarani na isiyomsumbua mwenyewe. Mwaka 1973 Harley ilikuwa na zaidi ya robo tatu ya soko la pikipiki nzito kabisa nchini Marekani. Kufikia mwaka 1983 ilikuwa imebakiwa na chini ya robo.

Mwaka 1981 viongozi 13 wa Harley, wakiongozwa na Vaughn Beals, waliinunua kampuni kutoka AMF kwa kiasi cha dola milioni 80, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Wakati haukuwa mzuri. Riba zilikuwa juu na uchumi ulikuwa umedorora. Aidha, Honda na Yamaha zilikuwa zikigombea nafasi ya kwanza duniani na kuzalisha kupita mahitaji, hadi maghala ya Marekani yakafurika pikipiki zilizouzwa kwa bei ya kutupa.

Harley ikaenda serikalini. Aprili 1983 Rais Ronald Reagan aliidhinisha ushuru wa pikipiki za kigeni zenye injini inayozidi cc 700 upande kutoka asilimia 4.4 hadi asilimia 49.4, kisha ushuke kila mwaka kwa miaka mitano.

Wajapani hawakukaa wakilalamika. Walipunguza injini hadi cc 699 na kuingiza pikipiki zao bila kuguswa na ushuru mpya. Tena Honda ilikuwa na kiwanda Ohio na Kawasaki ilikuwa na chake Nebraska, hivyo pikipiki zilizotengenezwa huko hazikuwa za kigeni. Ukuta ulijengwa, lakini mlango ukabaki wazi.

Kwa hiyo kilichoiokoa Harley kinapaswa kutafutwa ndani ya kiwanda. Viongozi wake walikwenda kukitembelea kiwanda cha Honda cha Ohio na kujionea kwamba mshindani hakuwa na miujiza. Vipuri vilifika pale tu vilipohitajika, na mfanyakazi aliwajibika kwa ubora wa kazi yake. Harley ikauiga utaratibu huo. Mwaka 1983 iliunda chama cha wamiliki wa pikipiki zake, na mwaka 1984 ikatoa injini mpya, Evolution, iliyomaliza aibu ya kuvuja.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1985, ushuru ukiwa bado unafanya kazi, kampuni ilinusurika kufilisika. Benki yake kuu, Citicorp, ilitaka kujiondoa, na mkopeshaji mwingine, Heller Financial, alipatikana katika saa za mwisho za mwaka. Harley iliuza hisa kwa umma mwaka 1986, na Machi 1987 ikaiomba serikali iuondoe ushuru kabla ya muda wake. Ukaondolewa Oktoba mwaka huo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 Harley ilikuwa imeipita Honda katika daraja la pikipiki nzito kabisa.

Wapo wanaoshikilia kwamba bila ushuru Harley ingekufa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kinga hiyo iliwapa wakopeshaji moyo wa kusubiri. Lakini muda ule ule ungeweza kuliwa na posho na magari ya wakurugenzi, na mwaka wa tano ungewakuta palepale. Tofauti ilitokana na mambo mawili: ushuru ulikuwa na tarehe ya mwisho, na kampuni ilikuwa na jambo mahususi la kurekebisha.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya neema. Wateja walisubiri miezi kadhaa kupata Harley, na iliyotumika iliweza kuuzwa ghali kuliko mpya. Mwaka 1994 kampuni iliomba hata mlio wa injini yake usajiliwe kama alama ya biashara, ombi iliyokuja kuliondoa mwaka 2000. Mwaka 1998 Polaris iliingia sokoni na pikipiki ya Victory iliyotengenezwa Iowa. Mwaka 2006 Harley ilisafirisha kwa mawakala pikipiki zipatazo 349,000, na bei ya hisa yake ikapita dola 70.

Walionunua kwa bei hiyo waliumia. Kampuni ilikuwa ikiwakopesha wateja wake fedha za kununulia pikipiki, na mgogoro wa mabenki wa mwaka 2008 ulikausha chanzo cha fedha hizo. Februari 2009 ilibidi ikope dola milioni 300 kutoka kampuni ya Warren Buffett kwa riba ya asilimia 15. Machi mwaka huo hisa ilikuwa chini ya dola 10. Safari hii hapakuwa na Mjapani wa kulaumiwa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuja polepole. Mwaka 1990 umri wa katikati wa mmiliki wa pikipiki Marekani ulikuwa miaka 32. Mwaka 2018 ulikuwa umefika 50. Mteja amezeeka pamoja na bidhaa. Mwaka 2024 Harley iliuza duniani kote pikipiki takriban 150,000, chini ya nusu ya idadi ya mwaka 2006.

Washindani wa nyumbani hawakusalimika pia. Polaris, iliyolinunua jina la Indian mwaka 2011, ilitangaza kuifunga Victory mwaka 2017, na Oktoba 2025 ikatangaza kuuza sehemu kubwa ya umiliki wa Indian kwa kampuni ya uwekezaji ya Carolwood. Honda imesimama pahali tofauti. Inauza mamilioni ya pikipiki ndogo barani Asia, na kwake Gold Wing ni tawi tu la mti mkubwa. Tawi likikauka, mti haufi.

Ushuru nao uligeuka na kumchoma aliyewahi kuutumia. Juni 2018, Umoja wa Ulaya ukijibu ushuru wa Marekani juu ya chuma na alumini, ulipandisha ushuru wa pikipiki za Marekani kutoka asilimia 6 hadi 31. Harley ilikadiria kwamba kila pikipiki iliyopelekwa Ulaya ingeongezeka gharama ya dola 2,200 hivi, ikasema itahamishia nje ya Marekani uzalishaji wa soko hilo.

Afrika Mashariki nayo ina ushuru wake wa pamoja tangu mwaka 2005, pamoja na orodha ya bidhaa nyeti, sukari ikiwamo, zinazotozwa viwango vya juu. Mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa za kiwanda kilichokingwa hapaswi kuridhika na ukubwa wa kinga hiyo. Aulize kinga inakwisha lini, kitu gani kinarekebishwa kwa sasa, na mnunuzi wa bidhaa ana umri gani. Asipopata majibu, fedha zake ni afadhali zibaki benki.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama nduguye huyo ni serikali.