Nani Atangulizwe Dukani Siku za Maradhi?



Kijana mmoja wa hapa Bagara, mjini Babati, auzaye katika duka la baba yake, ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Auliza: yakizuka tena maradhi ya kuenea kama yale ya mwaka 2020, je, yampasa kuwatanguliza wazee, wagonjwa na watumishi wa hospitali, na kuwaacha nyuma watu waliofika mapema? Baba yake amemfundisha kuwa zamu ni haki, na mwenye kuivunja zamu ya mtu amemdhulumu.

Tumelipokea swali hili kwa furaha, kwani si kila siku kijana huuliza juu ya dhuluma ya jambo dogo kama foleni. Wala si swali la mambo yaliyokwisha. Mwezi wa Machi 2023 maradhi ya Marburg yalitangazwa mkoani Kagera; watu tisa waliugua, sita wakafa, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya. Januari 2025 yakatangazwa tena katika mkoa huo huo. Kanzu ya Idi haishonwi asubuhi ya Idi, basi na tulizungumze jambo hili leo tukiwa wazima.

Tuanze na wenzetu wenye yale maduka makubwa yaitwayo supamaketi, ambamo mnunuzi hujichukulia vitu rafuni na kulipa akitoka. Katikati ya Machi 2020 watu wa Uingereza walishikwa na hofu, wakawa wananunua kupita haja zao, hata mzee aliyekuja polepole na fimbo yake hakukuta kitu. Duka la Sainsbury's likatangaza kuwa Alhamisi tarehe 19 Machi saa ya kwanza ya kufungua itakuwa ya wazee na wanyonge peke yao, na likakataza mtu kuchukua zaidi ya vitu vitatu vya namna moja. Tesco nayo ikatenga saa moja asubuhi za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Huko Australia duka la Woolworths lilikwisha kutangulia kwa siku mbili, likawafungulia wazee na wenye ulemavu toka saa moja hadi saa mbili asubuhi. Sababu yake ni nyepesi kufahamika: wakati huo duka limetoka kusafishwa, rafu zimejaa, na umati wa watu bado haujapumua humo.

Watumishi wa hospitali hawakukumbukwa upesi hivyo. Mwezi ule ule mwuguzi mmoja wa mji wa York, baada ya kazi ndefu ya kuwauguza mahututi, aliingia dukani asipate tunda wala mboga. Akajipiga picha ya video akilia, akiwaomba watu waache kufagia rafu, kwa kuwa yeye na wenzake ndio watakaowauguza hao hao wanaofagia. Video ile ilitazamwa na watu wengi mno. Basi maduka kadhaa yakawatengea wakati wao. Tesco, kwa mfano, ikawaruhusu kuingia Jumapili saa moja kabla ya malipo kuanza, wachague vitu kabla havijaguswa na wengine.

Hatusemi kwamba mpango ule haukuwa na kasoro. Siku za kwanza wazee walijipanga kwa wingi nje ya milango, na foleni ya wazee watupu, maradhi yakiingia humo, ni foleni ya msiba. Tena saa ya wazee yamfaa mzee mwenye miguu na mwenye fedha mfukoni. Asiyeweza kutoka kitandani, saa hiyo yamfaa nini? Ndiyo maana serikali ya Uingereza, ilipowaambia watu wapatao milioni moja na nusu wenye maradhi mazito wasitoke nje kabisa, ilibidi pia iwapelekee wenye haja miongoni mwao masanduku ya chakula hadi milangoni.

Dubai, ambako ndugu zetu wengi hufanya kazi, walishika njia nyingine. Vituo vya maduka vilipofunguliwa tena mwishoni mwa Aprili 2020, wenye umri uliopita miaka 60 walikatazwa kuingia, pamoja na watoto wadogo. Nia ilikuwa kuwalinda. Lakini mzee aliyekatazwa kwenda dukani ni lazima awe na mtu wa kumwendea, na asipokuwa naye, kinga yake imegeuka kifungo.

Karibu zaidi na sisi, nchini Uganda, Serikali iliwapelekea watu wa Kampala na wilaya ya Wakiso chakula nyumba kwa nyumba kuanzia tarehe 4 Aprili 2020: unga wa mahindi kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, na kwa wagonjwa na wanawake wanaonyonyesha, maziwa ya unga kilo 2 na sukari kilo 2. Watu walilalamika juu ya mambo kadha wa kadha ya ugawaji ule, lakini jambo moja lilikuwa la sawa, nalo ni kwamba chakula kilimfuata mtu. Siku chache baadaye, tarehe 10 Aprili, katika mtaa wa Kibera mjini Nairobi, watu waliitwa mahali pamoja kuja kugawiwa chakula. Wakasongamana, wakakanyagana, wengi wakaumia. Wenye nguvu waliondoka na mifuko, na wanyonge waliondoka na majeraha. Twawaomba wenye kutoa sadaka walikumbuke jambo hili kila waitapo watu kusimama mlangoni pao.

Sasa turudi kwetu Bagara. Hapa petu duka, kwa walio wengi, ni chumba kimoja chenye meza, mizani na dirisha la nondo. Mboga na nyanya twazipata gengeni au sokoni. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha. Babati i katika njia kuu, mabasi ya Arusha, Dodoma na Singida hupita hapa usiku na mchana, na hofu ilifika kabla ya maradhi. Shule zilifungwa, lakini masoko hayakufungwa wala watu hawakuzuiliwa majumbani. Ndoo za maji zenye koki zikawekwa kila mlango. Tulinawa, tukavaa barakoa, tukaona tumemaliza wajibu wetu.

Hatukuwa tumemaliza. Yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa bibi mmoja aliyehamia hapa zamani kutoka Kondoa, mjane, mwenye maradhi ya sukari na kifua. Tulimpelekea salamu kwa sauti toka barabarani: "Bibi, shikamoo! Usitoke, Bibi, kuna maradhi!" Naye akajibu marahaba, akatutii. Ikapita juma, likapita la pili. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, nasi tulipompelekea futari siku ya kwanza tukamkuta amekuwa akila mchicha wa uani na ugali wa unga uliokwisha kuingia wadudu. Dawa yake ilikwisha siku tisa nyuma. Tulipomwuliza kwa nini hakutuma mtu, alisema, "Mtoto gani nimtume, wanangu, na nyinyi mmewaambia watoto wasinikaribie?"

Hapakuwa na jibu la maneno hayo, na mpaka leo hatuna.

Basi tumjibu kijana wetu. Zamu ni haki, baba yake amesema kweli. Lakini zamu iliwekwa ili mwenye nguvu asimpokonye mnyonge fungu lake kwa kusukumana. Ikiwa kule kusimama tu kwenye foleni ni salama kwa kijana na ni hatari kwa mzee, basi hao wawili hawakusimama katika foleni moja, ingawa macho yaona moja. Dini yetu imelifahamu jambo hili tangu mwanzo. Mtume (s.a.w.) amemwagiza imamu asiirefushe sala ya jamaa, kwa sababu nyuma yake wapo wadhaifu, wagonjwa na wenye haja. Hata safu ya sala yawachukulia wanyonge kwa udhaifu wao. Safu ya dukani si tukufu kuliko hiyo. Na aliyefika mapema hakudhulumiwa akiombwa ridhaa yake na kuelezwa sababu. Mwenye duka asimpitishe mtu kwa siri kana kwamba amhonga. Aseme mbele ya wote, tena kwa adabu, na aandike kwenye ubao mlangoni.

Kwa namna gani? Duka la Bagara si la London, wala halina haja ya kuiga kila kitu. Sisi twaona saa ya wazee iwe mara baada ya sala ya Alfajiri hadi saa moja na nusu, kabla ya watoto kutumwa mkate na kabla ya bodaboda kukusanyika. Watumishi wa hospitali wasichanganywe na saa hiyo. Wao hutoka moja kwa moja kwa wagonjwa, na kuwakutanisha na wazee katika chumba kimoja ni kuharibu kwa mkono wa kushoto kilichojengwa kwa wa kulia. Tena saa zao hazina mpango, huyu atoka asubuhi, yule atoka usiku. Yawafaa zaidi kupiga simu au kuandika ujumbe, wakute mfuko wao umefungwa na umewekwa kando na jina juu yake, walipe kwa simu, waende kulala.

Hapa tuna neno zito kidogo. Mwuguzi mmoja wa mjini petu alitusimulia kuwa katika siku zile muuza duka mmoja, ambaye hatumtaji, alimwona na sare yake akamwambia, "Wewe simama huko huko," kisha akamrushia chenji chini ili asiguse mkono wake. Mwanamke yule aliokota mia mbili zake mchangani mbele ya watu. Jioni yake alirudi kazini. Wala hakuwa peke yake duniani, maana Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu liliandika visa zaidi ya 600 vya kupigwa, kutukanwa au kutengwa katika miezi ile ya mwanzo ya korona, vingi vyao vikiwapata watumishi wa afya, na vingine wagonjwa na vituo vya tiba. Kuchukua hadhari ni sheria, na sahani ya kuwekea fedha ingetosha. Kumrushia mtu fedha chini si hadhari.

Juu ya kiasi cha kuuza, mwenye duka na aweke mpaka, nyumba moja isichukue zaidi ya haja ya juma. Mnakumbuka sukari ilivyoadimika mwaka ule katika mwezi wa kufunga, hata Serikali ikatangaza bei za mwisho kwa kila mkoa. Aliyeficha magunia akingoja bei ipande ajua mwenyewe hukumu ya jambo hilo, nasi hatutairefusha.

Linabaki lile ambalo saa yoyote haiwezi kulitengeneza, yaani yule asiyetoka. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), alipomkuta usiku mwanamke na watoto wenye njaa, hakumwambia aje kesho kwenye ghala, alikwenda mwenyewe akabeba unga mgongoni. Kwa Bagara yatosha vijana wawili kwa kila mtaa na daftari moja. Katika daftari yaandikwe majina ya wasiotoka, dawa watumiazo, siku zitakapokwisha, na duka lipi huwakopesha. Kijana agonge, aweke mfuko kizingitini, arudi nyuma hatua tatu, kisha asubiri mpaka mlango ufunguliwe amwone mwenyewe kwa macho. Kupiga kelele toka barabarani kama tulivyofanya sisi hakuhesabiwi. Na fedha ziwe taslimu ndani ya bahasha. Wazee wasizoeshwe kumpa kijana namba ya siri ya simu, awe mwema namna gani, kwani ni kumtia yeye katika majaribu na wao katika hasara.

Daftari la namna hiyo lilianza mtaani kwetu katikati ya Ramadhani ile, likichelewa. Jina la kwanza lilikuwa la bibi yule. Alifariki miaka miwili baadaye kwa maradhi yake ya zamani, na siku ya mazishi, jamaa walipouliza kama marehemu adaiwa, kijana mmoja alikwenda kulichukua, akasoma: unga kilo mbili, chumvi pakiti moja, sabuni kipande. Deni likalipwa pale pale kabla jeneza halijainuliwa.