*TAARIFA YA TAWI: KURA ZISIPOTEE, MBUNGE ABAKI JIMBONI*

Ndugu wanachama,

Wapo wanaotaka majimbo yafutwe, tupigie kura chama tu kama Afrika Kusini ilivyoanza 1994. Tunawapinga.

Kweli, mfumo wetu una kasoro. Wagombea watatu wakigawana kura 40, 35 na 25 katika kila 100, wa kwanza anabeba jimbo, kura 60 zimekwenda na maji. Urais ni vilevile: tangu mabadiliko ya Katiba ya 2000, mshindi hahitaji kufika nusu. Kenya wanadai zaidi ya nusu, la sivyo wanarudi kwenye debe.

Lakini orodha tupu humfanya mbunge kuwa mali ya makao makuu. Mtaro ukiziba Gerezani, Msimbazi ikifurika Jangwani, tumpigie simu nani?

Dawa tunayo. Ibara ya 78 inagawa viti maalum vya wanawake kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Hapo hata kura ya aliyeshindwa Ilala inahesabiwa. Tudai hesabu hiyo ipanuliwe, majimbo yabaki, na majina ya orodha yapigiwe kura na wanachama, yasipangwe gizani.

Mwenye hoja tofauti ailete kikaoni.

_Katibu wa Tawi_