Leseni ya Daktari Isiwe Kamba ya Kumfunga Mdomo



Nianze na jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Vijiweni kwetu, kuanzia Bombambili mpaka Mfaranyaki, likitajwa Baraza la Madaktari Tanganyika utasikia kijana anadakia: chombo cha serikali hicho, kifutwe tu. Mimi sitaki kifutwe. Nani basi atamzuia kishoka mwenye koti jeupe la kuazima asimpasue mama yako? Kijana anasoma udaktari miaka mitano, anafanya mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja akiwa na usajili wa muda, ndipo anasajiliwa kikamilifu na kupewa leseni. Ngazi hizo naziunga mkono zote. Mgonjwa aliyeletwa kwa bodaboda kutoka Namtumbo hana muda wa kukagua vyeti vya mtu. Anaamini kuna aliyemkagulia.

Ugomvi wangu ni juu ya mkono ulioshika leseni hiyo.

Turudi 2012. Januari madaktari waligoma. Februari Waziri Mkuu Pinda akaenda Muhimbili kuzungumza nao, na Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya pamoja na Mganga Mkuu wa Serikali wakasimamishwa. Juni mgomo ukarudi. Usiku wa Juni 26, Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa mstari wa mbele kwenye mgomo ule, akatekwa, akateswa, akaja kuokotwa msitu wa Mabwepande. Hilo nchi nzima inalikumbuka. Lililosahaulika ni lililofuata: wizara ilipeleka malalamiko mbele ya Baraza, na mamia ya madaktari waliokuwa kwenye mwaka wa mafunzo wakasimamishiwa usajili wao.

Najua mtu wa CCM atauliza: wagonjwa wanakufa wodini, ulitaka serikali ikae kimya? Swali la haki kabisa. Serikali ilikuwa mwajiri wao, na mwajiri ana njia zake: mazungumzo, sheria za kazi, mahakama. Mahakamani ilikwenda kweli. Lakini leseni haikuwekwa kwa ajili ya ugomvi wa posho. Leseni inajibu swali moja, kwamba mtu huyu ni salama kumtibu binadamu au siyo. Aliyegoma Jumatatu hajasahau Jumanne namna ya kushona kidonda.

Na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Daktari akifukuzwa kazi serikalini, anaweza kwenda kuomba Peramiho au Litembo, wamisionari wakampokea na wananchi wetu wakaendelea kutibiwa. Akinyang'anywa leseni, hakuna mlango wa kugonga. Peramiho hawawezi kumpokea, hata duka la dawa haliwezi kumpa meza ya kuonea wagonjwa. Wazee watakumbuka kwamba sheria ya 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, na hadi 1991 daktari alikuwa na serikali au misheni, basi. Mlango ule wa binafsi ulifunguliwa. Kufuli la leseni bado liko wizarani, kwa sababu Baraza liko chini ya Wizara ya Afya, wizara ile ile inayoendesha hospitali za rufaa za mikoa, yetu ya Songea ikiwemo. Mwajiri, mlalamikaji na mwenye baraza, nyumba moja. Sasa hapo haki itaingilia dirisha gani?

Siyo madaktari peke yao, jamani. Septemba 2019 wakili Fatma Karume alisimamishwa uwakili Tanzania Bara kwa maneno aliyoyawasilisha mahakamani akimtetea Ado Shaibu, kwenye kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu. Ukitaka kumnyamazisha msomi huhitaji rungu, kamata karatasi inayomlisha.

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, leo ni daktari kwenye kituo kimoja cha umma. Wilaya siitaji, na hamtanibana niitaje. Dawa zinapoisha ananieleza kila kitu: zipi hazipo, tangu lini, nani kaandikiwa akanunue mtaani. Nikimwomba aseme hadharani, hata bila jina, jibu lake ni lile lile: "Kaka, kazi nitapata nyingine. Leseni sitapata nyingine." Sijawahi kusikia kwamba Baraza limemtishia. Halihitaji. Aliona ya 2012 akiwa bado mwanafunzi, somo likamwingia.

Anayelipia ukimya huo siyo yeye. Ni bibi wa Tunduru anayeambiwa dawa "inakuja kesho".

Halafu kuna upande wa pili, nao tusiufumbie macho kwa sababu tu tunawapenda madaktari. Kwenye vikao vyetu vya matawi huwa nauliza: nani anajua kwamba mwananchi anaweza kumlalamikia daktari kwenye Baraza? Mikono miwili, mitatu. Mwingine anauliza ofisi iko wapi. Mama aliyefiwa na mtoto kwa uzembe anaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, tena kuambiwa amwachie Mungu. Chombo kilichoundwa kwa ajili yake, yeye hakijui.

Juni 2012 hiyo hiyo, Ulimboka akiwa bado hajatekwa, Uingereza ilianzisha jopo la kuamua mashauri ya madaktari lililotengwa na wale wanaochunguza. Siyo malaika wale, lakini walau waliona kwamba anayekusanya ushahidi asiwe yeye yeye anayehukumu. Kwetu ilikuja sheria mpya ya 2017, na Baraza likabaki wizarani.

Agosti 2024 Wizara ya Afya ilikabidhiwa kwa Mheshimiwa Jenista Mhagama, aliyekuwa mbunge wa Peramiho, jirani yetu kabisa. Leo hayupo tena kwenye kiti hicho, lakini vijana wa Ruvuma tuiandikie wizara. Wajumbe wa Baraza wachaguliwe na madaktari wenyewe, na wagonjwa wapewe viti. Wizara ikiwa mlalamikaji, isiwe na mtu wake mezani pa kuamua. Mgomo uamuliwe na mahakama ya kazi, leseni isiguswe. Na pawekwe dawati la malalamiko hapa Songea, lenye mtu wa kupokea barua ya yule mama na kumgongea mhuri kwenye nakala yake.

Barua ataipokea kila katibu wa tawi wiki hii. Saini zikusanywe kwa majina kamili, isipokuwa za madaktari. Wao waacheni kwanza.