Theluji ya Uingereza na Kicheko cha Majirani

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Methali hii yawafaa sana wale ambao, kila theluji inapoanguka nchini Uingereza, huifanya taabu ya nchi hiyo kuwa masihara. Tarehe 2 Februari 2009, mabasi ya jiji la London yaliondolewa barabarani, maelfu ya shule yakafungwa na wafanyakazi wengi wakasalia majumbani mwao. Tarehe 18 Desemba 2010, wiki moja kabla ya Krismasi, uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa na wasafiri wakalala sakafuni huku mizigo yao ikiwa mito ya kulalia. Mara zote mbili swali lililoulizwa lilikuwa lile lile: yawezekanaje taifa tajiri namna hiyo kushindwa na theluji ambayo Mfini au Mswidi huiona kila mwaka na kuendelea na shughuli zake kama kawaida?

Swali hilo lina mvuto, lakini limekosea shabaha. Wanaouliza hivyo huyalinganisha mambo mawili yasiyolingana. Ufini huijua theluji kama mkulima wa Bungoma anavyoyajua masika. Kila mwaka itakuja, itakaa kwa miezi, na kila mwenye gari analazimishwa na sheria kufunga magurudumu ya majira ya baridi. Uingereza haiko hivyo. Jiji la London liko kaskazini mwa ikweta kwa takriban nyuzi 51, sawa na mji wa Calgary nchini Kanada ambako baridi hukata maini. Hata hivyo, maji yenye ujoto ya Bahari ya Atlantiki na pepo zivumazo kutoka magharibi huipa nchi hiyo majira ya baridi yaliyo ya wastani. Pepo hizo zinapolegea na nafasi yake kutwaliwa na upepo wa mashariki utokao pande za Siberia, ndipo mambo huenda mrama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Februari mwaka wa 2018. Ugeni wa aina hiyo haufiki kila mwaka, na ukifika, aghalabu huondoka baada ya siku chache.

Je, serikali inunue matingatinga mengi ya kusukuma theluji kisha yakae ghalani yakiota kutu kwa miaka mitano? Je, kila raia alazimishwe kununua magurudumu ambayo huenda asiyahitaji? Mtu mwenye busara hawezi kujibu ndiyo kwa pupa. Fedha inayonunua tingatinga ni ile ile ambayo ingemwajiri mwalimu au muuguzi. Kufunga shule kwa siku mbili katika mwaka mmoja kati ya miaka kadhaa si fedheha. Huenda hiyo ndiyo bei ambayo nchi imeamua kuilipa kwa kujua ifanyalo.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba Waingereza hukaa kitako wakisubiri kudra. Silaha yao kuu ni chumvi ya mawe, ambayo nyingi huchimbwa chini ya ardhi katika eneo la Cheshire. Chumvi hushusha kiwango cha baridi ambacho maji hugandia, na kwa sababu hiyo magari ya halmashauri huinyunyiza barabarani jioni, kabla ya maji kuganda usiku. Ina mipaka yake: baridi ikipita nyuzi kumi hivi chini ya sifuri, nguvu zake hupungua mno. Katika misimu ya 2009 na 2010 akiba ya chumvi ilipungua hadi halmashauri zikalazimika kuibania kama maji ya jangwani. Serikali ilimpa David Quarmby jukumu la kuongoza uchunguzi, na mwaka wa 2010 ukapendekeza kuwa halmashauri ziongeze akiba, zipunguze kiasi kinachomwagwa bila sababu, na pawepo akiba ya taifa ya kuokoa jahazi linapoenda mrama. Huu ni mfano mzuri wa nchi kujikagua. Desemba ya mwaka huo huo ikawa ndiyo yenye baridi kali zaidi nchini humo kwa muda wa karne nzima. Mjini Castlederg, Ayalandi ya Kaskazini, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 18.7 chini ya sifuri.

Kufikia hapa yaelekea Uingereza imetetewa vya kutosha. La hasha! Iko lawama inayoistahili nchi hiyo, ila si hii ya mabasi na ndege. Ajabu ni kwamba lawama yenyewe huzungumzwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa wahusika wake hawamo barabarani wala uwanjani. Wamo ndani ya nyumba zao.

Nchini Uingereza na Wales, katika majira ya baridi ya 2017 na 2018, takwimu rasmi zilikadiria vifo 50,100 zaidi ya vile ambavyo vingetarajiwa katika miezi mingine ya mwaka. Idadi kubwa namna hiyo haikuwa imeonekana tangu 1975 na 1976. Mafua yalichangia pakubwa, na ni kosa kuyabebesha baridi makosa yote. Lakini wataalamu wa afya wameeleza kwa miaka mingi jinsi baridi ya ndani ya nyumba inavyobana mishipa, kuifanya damu iwe nzito na kudhoofisha mapafu, na jinsi wazee wanavyoathirika kuliko watu wengine. Wengi wa marehemu hao hawakuteleza kwenye theluji. Walikufa kwa maradhi ya moyo, ya kiharusi na ya kifua.

Hapa ndipo ulinganisho na Ufini unapoanza kuwa na maana. Watafiti waliolinganisha nchi za Ulaya wamegundua kinaya cha kustaajabisha: ongezeko la vifo vya majira ya baridi ni dogo katika nchi za baridi kali kama Ufini, na kubwa katika nchi za baridi ya wastani kama Ureno, Uhispania, Ayalandi na Uingereza. Kumbe kinachoua si ukali wa baridi peke yake, bali pia nyumba iliyojengwa kana kwamba baridi haipo. Mfini hujenga kuta nene zinazozuia joto lisitoroke na madirisha yenye vioo viwili au vitatu. Uingereza ina nyumba nyingi kuukuu, takriban moja kati ya tano zikiwa zilijengwa kabla ya 1919, na kuta zake huvujisha joto kama pakacha livujishavyo maji. Mzee anayeishi humo kwa pensheni ndogo huchagua kati ya kuwasha kipasha-joto na kununua chakula. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye katika nyumba yenye joto hamjui jirani yake anayelala na koti.

Kwa hakika serikali hutoa msaada. Kwa miaka mingi familia maskini zimelipwa pauni 25 kila wastani wa jotoridi unapokuwa sifuri au chini yake kwa siku saba mfululizo. Wazee nao wana malipo yao ya kuwasaidia kugharamia joto. Mwaka wa 2024 malipo hayo yalipunguziwa watu wengi, na mwaka wa 2025, baada ya malalamiko makubwa, yakarejeshwa kwa wale ambao mapato yao hayazidi pauni 35,000 kwa mwaka. Mabishano hayo yalichukua nafasi kubwa katika siasa. Hata hivyo, kumpa mtu fedha za kununua joto linalotorokea dirishani ni kutia maji katika mtungi uliotoboka. Lililo bora ni kuziba mtungi wenyewe. Tingatinga la theluji hufanya kazi siku tatu kisha likalala; ukuta ulioimarishwa hufanya kazi kila usiku wa baridi, theluji iwepo isiwepo.

Anayedhani kuwa hili ni tatizo la Waingereza peke yao na atazame jimbo la Texas, Marekani. Mwaka wa 2011 baridi ililikumba jimbo hilo, umeme ukakatika, na wakaguzi wakashauri visima vya gesi na mitambo ya umeme ikingwe dhidi ya baridi. Ushauri huo haukufuatwa ipasavyo kwa sababu uligharimu fedha na baridi ya namna hiyo ilikuwa nadra. Februari 2021 baridi ilirudi. Mitambo iliganda, zaidi ya nyumba na biashara milioni nne zikakosa umeme, na idadi rasmi ya waliokufa ikafikia watu 246. Usipoziba ufa utajenga ukuta; Texas ilijenga makaburi.

Msomaji wa Kiswahili atauliza yanamhusu nini haya. Lugha yenyewe yamjibu kwa namna yake. Katika Kiajemi, neno lililozaa "barafu" lina maana ya theluji. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki, ambako theluji haikuwepo, likabaki na maana ya maji yaliyoganda, na "theluji" ikaazimwa kutoka Kiarabu. Watu hulipa jina kamili jambo wanaloliona mara kwa mara, na lile la nadra huliachia jina la kubahatisha. Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mvua ya mawe ilipoifunika ardhi kwa weupe, wakazi wengi walidhani wameona theluji. Januari 2012 sakitu iliunguza majani ya chai huko Kericho na Nandi, na mkulima ambaye hakuwa ameitarajia akapoteza mavuno yake. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 nayo yalisomba madaraja yaliyojengwa kwa kufikiria mvua ya kawaida pekee.

Funzo, basi, si kwamba kila nchi ijiandae kwa kila janga. Hakuna hazina inayoweza kuyagharamia yote. Nchi na ikubali kusimama kwa siku chache pale ambapo kusimama hakumdhuru mtu, na akiba yake iielekeze mahali ambapo uhai wa mnyonge umo hatarini. Basi lililokwama litasubiri hadi theluji iyeyuke. Ajuza aliye peke yake katika chumba chenye baridi hawezi kusubiri.