Tina Turner asiyesikika kwenye albamu ya vibao

SIKIO LA JUMAPILI
Na Salma Kibwana

MC akishaita bwana na bibi harusi waingie ukumbini, usishangae DJ akiwachomekea "The Best" ya Tina Turner. Kibao chenyewe alikirithi. Bonnie Tyler alikirekodi 1988 kikapita kimya kimya, Tina akakichukua mwaka uliofuata, na leo ukimtaja Bonnie watu wanakukodolea macho.

Na ma-DJ sina ugomvi. Nina ugomvi na Simply the Best, albamu ya mwaka 1991 iliyokusanya vibao vyake, ambayo kwa wengi wetu ndiyo Tina mzima. Ukiisikiliza utadhani mama huyu aliokotwa na maprodyuza wa miaka ya themanini, wakamvika sketi ya ngozi, wakamfundisha roki. "Nutbush City Limits", wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu kijiji alichokulia huko Tennessee, umo, ila umerekodiwa upya kwa midundo ya klabu. Ule wa 1973, wenye gitaa linalokwaruza na tarumbeta zinazosukumana, wameuacha nje. Hilo sijawasamehe.

Roki aliianza mapema, na mara nyingi walioanza kumsikia walikuwa Waingereza. Mwaka 1966 Phil Spector alimrekodi "River Deep – Mountain High". Mume wake, Ike Turner, aliyezoea kuamua kila noti, hakuongoza kazi ile, na Tina akaambiwa afuate melodia bila zile kelele zake za jukwaani. Marekani wimbo ulianguka. Uingereza ulifika nafasi ya 3, na mwaka huohuo Rolling Stones wakawachukua wote wawili kwenye ziara yao. Mwaka 1971 akaigeuza "Proud Mary" ya Creedence Clearwater Revival: inaanza taratibu kama mtu anayepiga soga, halafu inalipuka. Mwaka 1975 akatoa Acid Queen, na upande mmoja wa sahani ile umejaa nyimbo za The Who, Rolling Stones na Led Zeppelin. Nani alimfundisha roki hapo?

Mwaka 1976 alimtoroka Ike na vipigo vyake. Talaka ilipokamilika 1978, alichong'ang'ania ni jina lake la kazi. Zikafuata albamu mbili, Rough na Love Explosion, ya pili ikiwa disko tupu, na zote zikadoda. Akawa anaimba mahotelini kulipa madeni. Meneja wake mpya, Roger Davies wa Australia, aliambiwa na mama huyu aliyekaribia miaka 40 kwamba anataka kujaza viwanja kama Rolling Stones. Wengine wangecheka.

Mlango ulifunguka London tena. Martyn Ware, kijana wa vinanda vya kielektroniki, alimrekodisha "Let's Stay Together" ya Al Green mwaka 1983, ikapenya Uingereza kabla ya kwao. Mwaka uliofuata ikaja Private Dancer. "What's Love Got to Do with It" hakuipenda alipoisikia mara ya kwanza, na ndiyo iliyompeleka namba moja Marekani akiwa na miaka 44. Vinanda vile ni baridi kama barafu. Sauti ndiyo inayovipasha moto, na ukwaruzaji wake ni uleule wa 1960 alipoimba "A Fool in Love". Mwaka 1988, uwanjani Maracanã, Rio, alikusanya watu wapatao 180,000.

Kwa hiyo ningepewa mimi kupanga Simply the Best, wimbo alioimba na Rod Stewart ningeuondoa bila huruma. Nafasi hiyo ningeipa "Fire Down Below" ya Bob Seger, aliyoiimba kwenye Rough, wakati hakuna aliyekuwa akimsikiliza.