Gari la Kuandama Mvua Isiolo: Hoja Zisizosimama

Isiolo ni mahali pazuri pa kutazama mvua ikija. Ukiuacha mji ukashika lami ya A2 inayokwenda Archers Post, Laisamis, Marsabit hadi Moyale, nchi inafunguka pande zote. Wingu la radi likisimama karibu na mlima Ololokwe unaliona lote, kichwa cheupe juu na pazia jeusi la mvua chini, ilhali wewe bado umo juani. Ndiyo maana wanaoiandama mvua huku si wapigapicha peke yao. Yupo mfugaji anayetoka sahan, kupeleleza ni wapi kumenyesha kabla hajahamisha ngamia. Yupo afisa wa misaada anayetaka kujua kama njia ya Merti bado inapitika. Yupo mtu wa hali ya hewa anayefuata kipimo chake cha mvua kijijini.

Wote hao huuliza swali moja: niende na gari gani? Majibu wanayopewa gereji, steji na kwenye vituo vya mafuta yamerudiwa mpaka yamekuwa kama sheria. Mengi si kweli, na baadhi yake yanaua. Nayachukua moja moja.

“Bila Land Cruiser, kaa nyumbani.”

Sina ugomvi na Land Cruiser. Chesisi yake ni ngumu, tumbo lake liko juu, na ni vigumu kumpata fundi Isiolo asiyeijua. Ushauri huu pia ulikuwa na maana yake zamani, wakati njia ya Marsabit na Moyale ilikuwa mawe na vumbi, na gari dogo likirudi linadondosha vipande. Sasa lami imefika Moyale. Anayetaka kuliona wingu, kulipiga picha, kulipima na kukaa kando yake anaweza kufanya kazi hiyo yote akiwa juu ya lami, na Probox yenye tairi nzima, breki nzuri na waipa zinazofuta kweli inamtosha. Kuandama mvua hakumlazimu mtu kuingia ndani ya mvua.

Ukiiacha lami mambo hubadilika, na hapo watu wa Land Cruiser hudhani wameshinda hoja. Tazama kinachotokea kwenye udongo mweusi wa njia za Merti na Garbatulla ukishapata mvua ya nusu saa. Tairi haizami kwanza, inajivika. Udongo unanata kwenye meno ya tairi, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka meno yote yamezibwa na tairi imekuwa laini kama sabuni. Kisha unapanda na kujaza nafasi iliyo kati ya tairi na bodi. Mwishowe gurudumu linakataa kuzunguka, na utamwona dereva amepiga magoti akichokoa tope kwa panga na rungu. Gari la fowili, linalosukuma magurudumu yote manne, linakwama hapo na magurudumu manne badala ya mawili. Tofauti ni kwamba limekwama mbali zaidi na barabara. Udongo huo hauna gari lake. Dawa yake ni kusubiri jua la siku moja au mbili.

Na kuna jambo wauzaji wa magari hawalisemi: fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne. Lami inapopata matone ya kwanza, vumbi na mafuta vikichanganyika na maji, Land Cruiser ya tani 2 na kitu ina kazi kubwa ya kusimama kuliko Probox ya tani 1. Mbuzi wakikatiza barabara karibu na Archers Post, ni tairi na mwendo wako vitakavyoamua.

“Gari zito halibebwi na maji.”

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia.

Uzito wa gari ni mkubwa ukiwa nchi kavu. Maji yakishapita sakafu ya gari, yanaanza kulinyanyua kwa uzito wa maji ambayo gari limeyasukuma pembeni. Chukua gari lenye eneo la mita 8 za mraba, ambalo ni jambo la kawaida kwa gari kubwa la familia. Kila sentimita 10 za maji juu ya sakafu yake zinalinyanyua kwa kilo 800 hivi, mpaka maji yatakapopenya ndani. Sentimita 30 juu ya sakafu ni kilo 2,400. Land Cruiser yako imeanza kuelea, tairi zinagusa mchanga kwa ncha tu, na usukani haufanyi tena kazi yoyote. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaambia madereva kwamba sentimita 30 za maji yanayokwenda zinatosha kuyabeba magari mengi madogo, na sentimita 60 zinayabeba mengi ya yale makubwa, pikapu zikiwemo. Sentimita 60 ni maji ya juu kidogo ya goti la mtu mzima.

Juu ya kunyanyuliwa kuna kusukumwa. Maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Maji ya mwendo wa mtu anayetembea yanaweza kulisukuma gari ubavuni kwa kilo mia chache. Maji hayohayo yakikimbia maradufu yanalisukuma kwa zaidi ya tani 1. Gari refu na kubwa ndilo lenye ubavu mpana wa kupokea msukumo huo.

Tarehe 4 Desemba 2021 basi la shule lililobeba wanakwaya na ndugu zao waliokuwa wakienda harusini liliingia mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamelifunika daraja. Watu waliokuwa ukingoni walilirekodi. Basi linakwenda polepole, linasimama, linasogezwa ubavu, linainama, kisha linazama mbele ya macho ya watu wanaopiga mayowe. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lilikuwa basi, gari zito kuliko lolote ambalo mwandamaji wa mvua angefikiria kulinunua. Kila ninapomsikia mtu akisifu uzito wa gari lake kando ya lagga, yaani mto wa msimu, nawakumbuka hao waliokuwa wakienda kuimba.

“Ukiwa na snokeli unavuka tu.”

Bomba hilo linalopanda kando ya kioo lina kazi moja: kuiwezesha injini kuvuta hewa kutoka juu. Ni kazi ya maana, kwa kuwa maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki kama hewa, na pistoni inayopanda inakutana na ukuta. Kono la pistoni linapinda na injini imekwisha. Snokeli inaiokoa injini tu. Haiongezi uzito wa gari, haipunguzi kasi ya maji, na haikuonyeshi shimo lililochimbwa na mafuriko katikati ya njia uliyoipita jana ikiwa sawa. Lori lililokutangulia halikuonyeshi pia: sakafu yake iko juu ya kiuno chako, na huenda lilipita robo saa kabla ya maji makubwa kufika.

“Hapa hakujanyesha, kwa hiyo lagga haina neno.”

Hoja hii inahusu gari kwa sababu inaamua gari utalisimamisha wapi. Mchanga wa lagga unavutia: ni tambarare, una kivuli cha mikoma na migunga, na gari linaonekana vizuri kwenye picha. Lakini maji ya Isiolo mara nyingi ni mvua ya watu wengine. Ewaso Ng'iro unakusanya maji ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita Archers Post na Merti kuelekea bwawa la Lorian. Mvua inaweza kumwagika Nanyuki au Nyahururu usiku, na asubuhi Archers Post ina mbingu nyeupe pee na mto unaopanda. Tarehe 4 Machi 2010 mto huo ulipanda ghafla ukasomba kambi za watalii kando yake katika hifadhi ya Samburu, pamoja na kambi ya watafiti wa tembo. Waliokuwa pale walikuwa watu wanaoujua mto huo kwa miaka mingi.

Lagga ndogo ni za hatari zaidi kwa kuwa hazina hata mto wa kutazama. Kichwa cha mafuriko hakiji kama maji. Kinakuja kama takataka zinazotembea: povu la kahawia, makuti ya mkoma, vijiti, mavi ya mbuzi, gogo linalopinduka, yote yakisukumwa juu ya mchanga mkavu kwa mlio wa lori linalopanda mlima. Ukishausikia mlio huo, gari lililozama nusu tairi kwenye mchanga halina muda wa kutolewa upepo wala kuchimbuliwa. Ondoa watu, liache gari.

Kwa hiyo gari linalofaa ni lile ambalo dereva wake amekubali kuliacha ng'ambo hii na kurudi kulala Isiolo. Asiyeweza kulifanya hilo hata apewe kifaru atazama nacho.

“Tairi za mpira zinazuia radi.”

Radi imetoboa kilomita kadhaa za hewa kuja ardhini. Haiwezi kushindwa na sentimita chache za mpira. Kinachomkinga mtu ndani ya gari ni bodi ya chuma inayomzunguka, paa likiwemo: umeme unapita kwenye ganda la nje na kuingia ardhini. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836 kwa chumba alichokizungushia karatasi ya madini.

Hapa uchaguzi wa gari una uzito kweli, na watu hawauzungumzi. Probox iliyofungwa vioo ina kinga ambayo Land Cruiser ya pikapu haina kwa watu waliosimama nyuma. Gari la safari lililofunguliwa paa, mpigapicha akiwa amesimama nje kuanzia kifuani, halimkingi. Turubai halikingi. Anayetaka kupiga radi picha afunge vioo, atoe mikono kwenye vyuma, asubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo ashuke.

“Pikipiki hupita popote.”

Hupita, baada ya mvua. Mfugaji anayekwenda kuangalia majani siku ya tatu amechagua vizuri: gharama ni ndogo, njia ya ng'ombe inamtosha, na akikwama anainyanyua kwa mikono. Mvua ikiwa bado angani, pikipiki ni chaguo baya kuliko yote niliyoyataja. Hakuna ganda la chuma, na kwenye tambarare tupu mwendeshaji ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwa mita mia kadhaa. Kabla ya mvua yenyewe hutangulia upepo baridi unaoshuka kutoka wingu na kuinua vumbi jekundu lote la uwanda; mwenye gari anatoka barabarani na kungoja ndani, mwenye pikipiki hana ndani.

“Mbona Wazungu wanatumia magari ya deraya?”

Wachache wanaoandama vimbunga hufanya hivyo. Tarehe 31 Mei 2013 huko El Reno, jimbo la Oklahoma, kimbunga kilichofikia upana wa kilomita 4.2 kiliwaua watafiti Tim Samaras, mwanawe Paul na Carl Young wakiwa ndani ya Chevrolet Cobalt, gari dogo la kawaida. Tangu hapo wapo wanaosema gari dogo ndilo lililowaua. Mchana huohuo gari kubwa la timu ya televisheni ya The Weather Channel lilinyanyuliwa na kutupwa karibu mita 180. Waliokuwemo walijeruhiwa, lakini waliokoka. Kimbunga kiligeuza njia na kuongeza mwendo, kikawakuta wote mahali ambapo hapakuwa na muda wa kutoka. Sisi hatuna vimbunga vya namna hiyo Isiolo, ila hatari ya kukosa njia ya kutokea ni ileile, na huku ni kubwa zaidi, kwa sababu barabara ni chache. Kabla ya kuchagua gari, chagua utatokea wapi.

Kuhusu dizeli au petroli sitapoteza maneno. Jaza tangi Isiolo mjini, usihesabu kituo kinachofuata.

“Gari moja zuri linatosha.”

Hii ndiyo hoja inayoonekana ya busara, na ndiyo inayowaweka watu porini siku mbili. Katika mafuriko ya Oktoba hadi Desemba 2023 barabara nyingi za kaskazini zilikatika, na magari yaliyokwama yalikaa yakisubiri magari mengine yaliyokwama. Magari mawili ya kawaida yenye kamba kati yao yana nguvu kuliko Land Cruiser moja ya bei mbaya, na bei ya kuyakodi mawili kwa siku mara nyingi haipiti sana ile ya moja hilo. Yasifuatane kwa karibu. La pili libaki nyuma kwenye ardhi ngumu mpaka la kwanza lipite, na dereva wake ashuke atazame. Chukueni kamba ndefu, mita 20 au zaidi, kwa kuwa kamba fupi inamlazimisha mvutaji aingie kwenye tope lilelile. Ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, kamwe isifungwe kwenye bampa, na kila mtu asiye na kazi asimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe kabla injini haijavuta.