Ukoo Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi, nikiifasiri kwa mifano ya maduka na fedha. Leo nimestaafu, naishi hapa Tumbi, na maana yake nimeiona ndani ya ukoo wangu.

Nilipoanza kumtafuta babu mzaa mama, nilikuwa na karatasi moja tu: stakabadhi ya kodi ya kichwa. Jina lililoandikwa humo silo tulilolijua nyumbani. Mjomba aliyeijua sababu alikuwa hai nilipokuwa mwanachuo wa ualimu. Sikumuuliza. Sasa amelala Kisarawe.

Wako wanaoamini kuwa nyaraka zinatosha. Tumtazame Bayume Mohamed Husen, ambaye watafiti wameyaunga maisha yake kutokana na majalada ya Ujerumani. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta mtoto, akalitumikia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Ujerumani. Huko Berlin akawa mhudumu wa mgahawa na kufundisha Kiswahili. Alidai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen.

Maisha yaliyoandikwa vizuri, mtasema. Lakini majalada hayo yamehifadhi nini hasa? Dai, katao, kifungo na kifo. Karatasi humkumbuka mtu pale alipokutana na dola. Babu yangu hakudai wala hakufungwa. Alilipa kodi, basi akapewa mstari mmoja.

Kwa hiyo nashikilia kwamba utafiti wa nasaba uanzie kinywani mwa wazee, ndipo uende kwenye nyaraka. Jalada laweza kungoja rafuni, mzee hangoji. Tumuulize majina yote ya marehemu: la kuzaliwa, la utani, la dini. Anayemtafuta Mahjub kwa jina la Husen peke yake atampata nusu. Tuulize pia upande wa mama. Wazaramo waliufuata ukoo wa mama, ilhali fomu zetu zadai jina la baba na la babu. Anayeandamana na fomu tu huwaacha njiani nusu ya watu wake. Na maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyatamka, Kizaramo kibaki Kizaramo, tusiyasafishe kwa kalamu ya shuleni.

Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza una jina la mama yangu, chini yake jina la mama yake, kisha mistari mitupu. Mjomba angeijaza kwa jioni moja. Nawe msomaji, kama mjomba wako yu hai, usiingoje sikukuu.